Namna ya Kukaa na Mtu Aliyenusurika: Somo kwa Wazee wa Usharika na Wasaidizi Wao

Somo letu la mwezi huu lahusu watu waliopita katika maafa makubwa wakatoka wazima wa mwili, lakini hawakutoka wazima wa moyo. Ninyi mkaao kando ya njia kuu iendayo Morogoro mwawajua. Hapa Vigwaza magari makubwa yasimama mizani mchana na usiku, na tangu bandari kavu ya Kwala ianze kazi yamezidi kuwa mengi. Palipo na magari mengi pana ajali. Na palipo na ajali pana watu waliotolewa katika vyuma vilivyokunjamana, na pana vijana wa kijijini waliowatoa. Mfupa uliovunjika hupelekwa hospitali ya Tumbi, hufungwa, nao huunga. Lakini yule utingo ambaye mwezi wa tatu sasa haingii garini, ashtukaye kila breki zinapolia, aamkaye usiku akipiga kelele, yeye hupelekwa wapi?

Majibu yetu ya kawaida ni matatu. Humwambia ajikaze, kwa kuwa yu mwanamume na ajali huwapata wengi. Au humwambia asali na kusahau. Au hunong'onezana kwamba amepagawa, naye akapelekwa kwa mganga apungwe pepo. Majibu mawili ya kwanza hutolewa na Wakristo wema wenye nia njema, nami nimeyasikia mlangoni pa kanisa mara nyingi kuliko lile la tatu. Tena nitasema neno ambalo huenda likawachukiza baadhi yenu: yule aliyepelekwa ngomani walau hakuachwa peke yake, maana jamaa zake walikusanyika, wakakesha naye, wakala naye. Siisifu ngoma. Nasema tu kwamba yule tuliyemwambia ajikaze alirudi nyumbani peke yake.

Kwanza na tuujue ugonjwa wenyewe. Mtu aliyeona kifo karibu, au aliyetendewa ukatili, au aliyetazama wengine wakifa, moyo wake huendelea kukaa zamu hata baada ya hatari kupita. Jambo lile humrudia bila kuitwa, katika ndoto au mchana akiwa macho, wala halimrudii kama jambo la zamani, bali kana kwamba latokea sasa hivi: husikia harufu ya mafuta yawakayo, husikia kilio cha mtu aliyekuwa karibu naye. Kwa hiyo hukwepa njia, watu na maneno yanayomkumbusha. Hushtuka upesi, hukasirika upesi, hapati usingizi. Wengine hufa ganzi moyoni. Hawafurahi arusini wala hawalii msibani, na nyumbani mwao huhesabiwa kuwa watu wa roho ngumu. Wengi hujilaumu: laiti ningalikaa kiti kile kingine, laiti ningalimvuta mtoto kwanza. Katika majuma ya kwanza mambo hayo huwapata watu wengi sana wala si ugonjwa, na kwa walio wengi hupungua yenyewe wakiwa katikati ya watu wao. Yakizidi mwezi mmoja bila kupungua, na yakimzuia mtu asifanye kazi yake wala kukaa vema na watu wa nyumba yake, hapo ndipo madaktari huyaita ugonjwa. Na kwa Kiswahili twaweza kuuita ugonjwa wa kiwewe.

Kila nchi imeupa jambo hili jina lake. Katika Vita Kuu ya kwanza, mwaka wa 1915, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika habari za askari waliotoka katika mapigano ya Ufaransa, wenye macho yasiyoona vema na kumbukumbu iliyopotea, ijapokuwa mwili haukuwa na jeraha. Ugonjwa wao ukaitwa mshtuko wa mizinga. Uingereza ikafungua nyumba za kuwatunza, na maofisa walipata matunzo mema kuliko askari wa kawaida. Wapagazi wa vita ile ile katika nchi yetu, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa makumi ya maelfu. Na waliosalia walirudi vijijini na yote waliyoyaona, wakatunzwa na mama zao na wake zao kadiri walivyoweza. Mwaka wa 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili. Watu wa Rwanda, baada ya mwaka wa 1994, wakasema ihahamuka, neno la mtu aliyekatika pumzi kwa hofu. Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, nasi twaelewa mara moja, kwa kuwa hata kwetu husemwa, Fulani ana mawazo mengi. Majina haya hayalingani kabisa. Lakini msaidizi mwenye busara huanza na jina analolitumia mgonjwa mwenyewe. Mtu akikuambia kwamba moyo wake waenda mbio, mwulize habari za moyo wake. Usimsahihishe kwa neno la kitabuni. Jina ndilo linaloonyesha mtu atapelekwa wapi, na aliyeitwa kichaa hupelekwa mahali ambapo aliyeitwa mgonjwa hapelekwi.

Sasa nataka tupande mlimani, maana yako mambo ya kujifunza huko Lutindi, nayo ni habari za kanisa letu wenyewe. Wengi wa Pwani wajua habari za Bagamoyo: misafara iliyoshuka kutoka bara ikiwa na watu waliofungwa, na jinsi mapadre wa Roho Mtakatifu walivyojenga pale mwaka wa 1868 kijiji cha waliokombolewa. Labda mwajua pia habari za Freretown karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na Waingereza mwaka wa 1875. Walutheri nao walikuwa na mahali pao, ila hapasimuliwi sana. Mwaka wa 1896 chama cha Wakristo wa Ujerumani kilifungua nyumba Lutindi, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, kwa ajili ya watoto waliotolewa katika utumwa. Mtoto wa namna hiyo alikuwa ameshikwa, ameuzwa, ametembezwa safari ndefu, na pengine ameona ndugu yake akiachwa njiani. Siku zile hapakuwa na mtu wa kutaja ugonjwa wa kiwewe. Watoto walipewa chakula, nguo, shule, kazi ya mikono, na watu wa kukaa nao siku zote.

Miaka ikapita, na watoto wa kukombolewa wakapungua. Katika miaka ya 1904 na 1905 nyumba ile ikageuzwa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. (Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye, mwaka wa 1927.) Walioisimamia walikuwa watu wa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, mahali palipoanzishwa mwaka wa 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na kuongozwa tangu 1872 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Desturi ya Bethel ilikuwa kwamba mgonjwa hafungiwi tu, bali hupewa kazi inayolingana na nguvu zake, na wenye afya hukaa pamoja na wagonjwa. Desturi ile ikapandwa Lutindi wala haijang'olewa. Hata leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, wagonjwa hufanya kazi katika chai na katika karakana, pamoja na kupata dawa zao.

Lakini tusiisome habari hii kwa kusifu tu. Nyumba za wagonjwa wa akili katika siku za ukoloni, za kwetu na za nchi jirani, kama ile ya Mathari ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 1910, zilitumika pia kuwaondoa mijini watu waliowasumbua wakubwa. Tena mlima u mbali. Mtu wa Vigwaza akipelekwa Lutindi hupata matunzo, lakini huacha nyuma yake nyumba, shamba na watoto, na arudipo huwakuta jirani wale wale wasiojua wamwambie nini. Nyumba moja mlimani haitoshi, wala haikukusudiwa kutosha, kwa watu wote waliovunjika moyo katika nchi. Swali letu ni hili: ni mambo gani ya Lutindi yawezayo kushushwa mpaka barabarani?

Yaliyotokea Ngara yaliwafanya wengi waulize swali hilo hilo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa mchana na usiku mmoja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Huko walikotoka, katika siku zipatazo mia, watu kama 800,000 waliuawa. Shirika letu la TCRS, lililoanzishwa na Walutheri wa dunia mwaka wa 1964 kwa ajili ya wakimbizi wa siku zile, lilikuwa miongoni mwa waliotumika huko. Wenye kutumika kambini hawakuweza daima kujua aliye mbele yao ni mtu gani, maana katika umati ule walikuwamo walioona mauaji, na walikuwamo walioyatenda. Kwa watu wengi kiasi kile hakuna nchi duniani yenye madaktari wa akili wa kutosha. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka wa 2019 kwamba katika nchi zilizopigwa na vita mtu mmoja kati ya watano ana ugonjwa wa akili, mdogo au mkubwa. Basi kazi hii, kama ikifanyika, itafanywa na watu wa kawaida. Je, wanaweza? Hapo zimejaribiwa njia mbili ambazo kila mzee wa usharika apaswa kuzijua.

Ya kwanza yatoka Nakivale, makao ya wakimbizi yaliyoko kusini-magharibi mwa Uganda. Walimu wa chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walikuwa wameunda njia ya kumtibu mtu wa kiwewe kwa masimulizi. Msaidizi na mgonjwa hukaa wawili. Kamba hulazwa chini kama njia ya maisha, tangu kuzaliwa hata leo. Penye jambo la furaha huwekwa ua, penye jambo la kuogofya huwekwa jiwe. Kisha, siku baada ya siku, mgonjwa husimulia maisha yake kwa taratibu tangu utotoni. Afikapo penye jiwe hasukumwi alipite upesi, wala haachwi katikati yake. Huulizwa aliona nini, alisikia nini, mwili wake ulikuwaje, mpaka simulizi lifike mahali ambapo hatari ile ilikwisha. Msaidizi huandika, siku ifuatayo humsomea, naye husahihisha. Mwishowe hupewa maandiko hayo yawe yake, habari za maisha yake yote, na yale maafa yamo humo kama sura moja kati ya sura nyingi.

Waliofanya kazi hiyo Nakivale hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe, waliofundishwa kwa majuma sita. Wanyarwanda na Wasomali 277 wenye ugonjwa huu waligawanywa kwa kura: wengine wakapata njia ya masimulizi, wengine mashauri ya namna nyingine kutoka kwa wasaidizi waliofundishwa vivyo hivyo, na wengine walitazamwa tu hali zao. Habari zao zilipotolewa mwaka wa 2008, katika kila mia ya wale wa masimulizi watu kama 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Katika wale wa mashauri 65. Katika wale waliotazamwa tu 37. Msomaji makini ataona kwamba tofauti kati ya 70 na 65 ni ndogo. Nami naona faraja katika udogo huo, maana waonyesha kwamba faida haikufungwa katika kamba na mawe peke yake. Alikuwapo mtu aliyefundishwa, ajaye siku aliyosema atakuja, asikilizaye kwa utaratibu.

Hata hivyo mtu asije akasema kwamba upendo na nia njema vyatosha. Njia ya pili, iliyojaribiwa Kivu ya Kusini katika Kongo, yatuonya. Mwawajua jina la Denis Mukwege, mganga wa Bukavu, mwana wa mchungaji, aliyefungua hospitali ya Panzi mwaka wa 1999 na kupewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka wa 2018 kwa kuwatibu wanawake waliotendewa jeuri katika vita. Kazi ninayotaka kuisimulia haikufanyika katika hospitali ile, bali vijijini, na habari zake zilitolewa mwaka wa 2013. Wanawake 405 waliotendewa jeuri namna hiyo, au waliyoiona, walisaidiwa na wanawake wa huko huko Kongo. Katika vijiji vingine kila mwanamke aliweza kumwendea msaidizi wake akitaka, akasikilizwa na kufarijiwa. Katika vijiji vingine msaidizi wa namna ile ile aliwakusanya wachache wachache kwa mikutano kumi na miwili, wa kwanza akiwa na kila mmoja peke yake na kumi na mmoja ya pamoja, naye akawafundisha kwa utaratibu kuyapima mawazo yanayowatesa: ni kweli kosa lilikuwa langu? ni kweli hakuna mtu wa kuaminiwa tena duniani? Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafundisho yalifanywa ya kukariri, si ya kuandika.

Miezi sita baada ya kazi kumalizika, katika wale waliosikilizwa na kufarijiwa tu, 42 katika kila mia walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au hofu ya kiugonjwa. Katika wale wa mikutano walikuwa 9. Na kwa ugonjwa wa kiwewe ilikuwa karibu vivyo hivyo. Wasaidizi walikuwa wa aina moja, moyo wao mmoja, nchi moja. Wengine walipewa utaratibu wa kufuata, wengine hawakupewa. Hesabu hizo mbili, 9 na 42, napenda zibandikwe ukutani katika kila ofisi ya usharika, kwa sababu sisi wa makanisa twajivunia sana moyo wa huruma, na kwa sababu hiyo twaona mafunzo kuwa kazi ya hospitali.

Nchi nyingine zaonyesha mifano iliyo karibu na hii. Mjini Harare, tangu mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, wakakaa na wenye mawazo mengi katika mabenchi nje ya zahanati. Kazi ile imekua, na imefika hata Unguja. Moshi na Bungoma watoto yatima 640 waliwekwa katika jaribio la mikutano ya majuma kumi na mawili iliyoongozwa na watu wasio madaktari. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2020 yalionyesha faida, upande wa Kenya zaidi kuliko kwetu. Na huko Minneapolis, Marekani, mji wenye Wasomali wengi na Walutheri wengi, kuna nyumba iliyofunguliwa mwaka wa 1985 kwa ajili ya watu walioteswa. Huko msaidizi na mgonjwa mara nyingi huhitaji mkalimani kati yao, na mtu hulazimika kusema jambo lake la siri kwa masikio mawili. Sisi tunayo lugha moja toka Bukavu hata Bagamoyo. Ni mali kubwa, nasi hatuitumii.

Basi yatupasa nini hapa? Nitaanza na siku zile za kwanza. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya la Dunia na wenzake walitoa kitabu kidogo cha msaada wa kwanza kwa waliopatwa na msiba, na jumla yake ni kutazama, kusikiliza na kumwunganisha mtu na msaada. Tazama kama mahali ni salama, na nani ameshtuka kuliko wote. Mpe maji, mpe nguo, mtafutie simu azungumze na watu wake. Mwambie habari za kweli unazozijua, usimwahidi usiyoyajua. Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, kaa naye kimya. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Waliiharibu walipoanza kueleza sababu za msiba wake. Ninyi wazee, mtu aliyempoteza mtoto asubuhi hahitaji kuelezwa jioni kwa nini Mungu ameruhusu.

Kuna desturi moja katika sharika zetu ambayo naiona mbaya, nami naomba iachwe. Mtu akinusurika katika ajali, Jumapili ya pili au ya tatu huitwa mbele atoe ushuhuda, na watu hutaka kusikia yote: gari lilipindukaje, waliokufa walikufaje. Humsukuma kwa makofi na vigelegele. Kisha ibada hukwisha, kila mtu huenda kwake, na yeye hubaki na yale yaliyofunguliwa. Wengine hujiuliza: je, si wewe uliyetuambia habari za Nakivale, kwamba kusimulia huponya? Ndivyo. Lakini wa Nakivale alikubali mwenyewe, alisimulia kwa mtu mmoja amtunziaye siri, kwa taratibu, mara nyingi, mpaka mwisho wa hatari, na kesho yake msaidizi alirudi. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi na kuyapima walitangaza mwaka wa 2002 kwamba kumkalisha mtu mara moja tu, mara baada ya maafa, na kumtaka aeleze yote, hakumkingi na ugonjwa huu, na huenda kukawadhuru wengine. Akitaka mwenyewe kumshukuru Mungu mbele ya watu, na aseme, Nashukuru mmeniombea, akae. Yatosha.

Tena wako tunaowasahau. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka pale Morogoro, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Gazeti huhesabu waliokufa na walioungua. Halihesabu waendesha bodaboda waliobeba miili, wala wauguzi, wala mama waliotambua watoto wao kwa kipande cha kitambaa. Katika njia yetu, kila ajali ina watu wa namna hiyo. Kijana aliyewatoa wengine katika gari husifiwa siku moja kuwa shujaa, na baada ya hapo haulizwi neno. Mkisikia ameanza kunywa gongo ili apate usingizi, msianze na adabu ya kanisa. Anzeni kumwuliza usiku wake ukoje.

Kwa wanawake na wasichana waliotendewa jeuri, msikilizaji na awe mwanamke, isipokuwa yeye mwenyewe achague vingine. Na siri iwe siri kweli. Jambo likitajwa katika sala ya pamoja bila ruhusa yake, hata kwa maneno ya mafumbo, limekwisha kutangazwa, maana kijiji chajua kufumbua. Lakini siri haimfunikii mtoto anayeendelea kutendewa uovu, wala mtu asemaye atajiua. Hapo lazima msaada uitwe, na mwenyewe aambiwe kwamba utaitwa. Msiogope kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimpandi wazo, bali humfungulia mlango. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoeni nyumbani kamba na dawa za kuua wadudu wa shambani, na apelekwe hospitali siku ile ile.

Hospitali zenyewe mwazijua. Anzeni zahanati ya hapa, kisha Tumbi ya Kibaha, na ikilazimu Muhimbili. Dawa zipo, huwasaidia wengi kulala na kutulia, wala kuzinywa si kukosa imani, kama vile quinine haikuwa kukosa imani kwa baba zetu. Mgonjwa asiziache kwa sababu amejisikia vizuri juma moja. Mnyororo na pingu ya mti havimponyi mtu. Tangu mwaka wa 2008 nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili, na mgonjwa ni mgonjwa mbele ya sheria hiyo. Mkimkuta amefungwa nyuma ya nyumba, msimtukane baba yake, kwa kuwa mara nyingi amefunga kwa kukosa njia nyingine. Nendeni naye mpaka hospitali, mlipe nauli.

Napenda kila mtaa uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wafundishwe kazi hii kwa utaratibu na mtu wa hospitali aijuaye, wala si kwa siku moja. Baada ya hapo wakutane naye kila mwezi na kumweleza wanayokutana nayo, bila kutaja majina, maana asikilizaye sana huchoka naye akaumia. Elimu yao si neno. Nakivale na Kivu zimetuonyesha hivyo. Mwangalie tu nani hupelekewa siri na watu bila kuziomba. Mara nyingi atakuwa mama auzaye uji stendi, au mzee wa shamba asiyesimama kamwe kusema katika mkutano. Na yule mzee wetu asemaye sana, hata akiwa mwema, mpeni kazi nyingine.